Potreti bila pozi kwenye mwanga hafifu: 35, 50, 85, zumu au simu?

Anayetaka kupiga sura za watu jioni, wakiwa kwenye shughuli zao, bila flashi na bila kuwapanga, kwa kawaida huanza kwa kuuliza lenzi gani "inaona gizani". Swali ni halali, ila linaacha nje jambo linaloamua zaidi: utakaa umbali gani na huyo mtu. Lenzi mbili zenye tundu la f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia zaidi) zinaingiza mwanga sawasawa, lakini moja inakuweka benchi moja na unayempiga, nyingine inakurudisha hadi ukutani. Dar es Salaam usiku watu hukaa karibukaribu: baraza la kahawa Magomeni, meza ya mishikaki Upanga, sebule ya futi kumi kwa kumi huko Temeke. Hapo umbali unaanza kuchuja lenzi, kisha mwanga unafuata.

Hesabu zote hapa zinachukulia kamera yenye sensa ya APS-C, iliyomo kwenye kamera nyingi za kuanzia za Canon, Nikon na Sony. Mwenye fulufremu, yaani sensa kubwa zaidi, azidishe urefu wa lenzi (hizi namba 35, 50 na 85, kwa milimita) kwa 1.5: panaposema 35 asome 50, panaposema 50 asome 75 au 85 iliyo karibu nayo.

Mwanga uliopo unatosha nini?

Sebule yenye balbu moja, au meza iliyo hatua chache kutoka kwenye taa ya genge, mara nyingi huangukia EV 5 kwa ISO 100 (EV ni kipimo cha wingi wa mwanga, ISO ni wepesi wa kamera kuuhisi). Ukipandisha ISO hadi 3200 kwenye mwanga huo, unapata hivi:

| Tundu la lenzi | Spidi ya shata (sekunde) | Inamkamata nani |
|---|---|---|
| f/1.8 | 1/320 | Anayecheka, anayegeuza kichwa ghafla |
| f/2.8 | 1/125 | Anayeongea, anayekula |
| f/4 | 1/60 | Anayesikiliza, ametulia |
| f/5.6 | 1/30 | Aliyesinzia |

Mstari wa mwisho ndio wa lenzi iliyokuja na kamera, ile 18–55, ukiizumu mpaka mwisho. f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Ukitaka 1/125 kwa lenzi hiyo itabidi upande ISO 12800, na kwenye kamera za kuanzia hapo chenga hazivumiliki tena: vivuli vya shavu vinaota madoa ya zambarau na kijani, na ngozi nyeusi ndiyo inayoumia kwanza kwa sababu sehemu yake kubwa imo upande wa giza wa picha.

Kizuia mtikisiko hakiokoi hapa. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtu. Kwa 1/15 utapata ukuta, kikombe na chupa ya chai vimekaa sawa kabisa, na katikati yake uso ulioyeyuka.

Sasa kuna kikwazo ambacho jedwali haliwezi kukionyesha. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa inayotumia umeme wa ukutani inapepesa mara 100 kwa sekunde. Balbu ya zamani ya waya haikuonyesha sana kwa sababu waya haupoi haraka kiasi hicho. LED za bei nafuu zinaonyesha. Ukipiga kwa 1/320 chini yake, picha moja inatoka nyeupe, inayofuata imeingia ukahawia, ya tatu ina mkanda mweusi unaokata paji la uso. Dawa ni 1/100 au 1/50, ili kila picha ibebe mpepeso mzima. Na usitumie shata ya kielektroniki, ile ya kimya, hata kama inavutia kwa kazi ya namna hii: inasoma sensa mstari kwa mstari, hivyo mikanda inazidi. Kama kamera yako ina kipengele cha kuzuia kupepesa, kiwashe. Taa za chaji wanazotundika wachuuzi hazifuati mpepeso wa umeme wa ukutani, ingawa baadhi zikipunguzwa mwanga nazo hupepesa kivyake. Piga picha tatu za majaribio kwenye ukuta mweupe kabla ya kuanza kazi, utajua.

Kwa hiyo chini ya LED faida ya f/1.8 inahama. Huipati kwenye spidi, unaipata kwenye ISO. Kwa 1/100 na mwanga uleule, f/1.8 inahitaji ISO 1000, f/2.8 inahitaji 2500, f/5.6 inahitaji 10000. Picha ya ISO 1000 unaweza kuichapa ukubwa wa A3 bila aibu.

35 au 50: hapa ndipo penye ubishi wa kweli

Lenzi hizi mbili ndizo zinazogombewa kwa sababu zote zina matoleo ya f/1.8 yasiyovunja mfuko. Canon EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 ina gramu 160 tu. Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009 ina gramu 200. Zote zinaingia mfukoni mwa koti.

Tofauti iko kwenye futi za sakafu. Ili kichwa na mabega vijaze fremu iliyosimama wima, kwa 35 unatakiwa kuwa sentimita 90 kutoka kwa mtu, kwa 50 mita 1.3. Ukitaka kuanzia kiunoni, pamoja na mikono, ni mita 1.5 kwa 35 na mita 2.1 kwa 50.

Chini ya mita moja sura huanza kuharibika: pua inakua, masikio yanarudi nyuma. Kosa hilo huletwa na umbali, lenzi haihusiki. Kwa hiyo kama picha unayoitaka ni uso peke yake, 50 inashinda na mjadala umekwisha. Lakini potreti isiyo na pozi mara chache huwa uso peke yake. Mchoma mishikaki bila jiko lake, bila mkono unaogeuza kijiti, ni picha ya pasipoti.

Chukua genge la mishikaki lenyewe. Balbu inaning'inia juu ya jiko, karibu usawa wa kichwa, na makaa yanatoa wekundu kutoka chini. Mchomaji akiinama, nyusi zinatupa kivuli na macho yanapotea. Akiinua kichwa kumjibu mteja, mwanga unaingia machoni kwa nusu sekunde. Picha iko kwenye nusu sekunde hiyo. Simama pembeni, si mbele, karibu nyuzi 45 kutoka kwenye mstari wa taa na uso, balbu yenyewe ikiwa nje ya fremu. Ukiiruhusu iingie, kamera itadhani pana mwanga mwingi na kuufanya uso kuwa mkaa. Kwa 1/100 upepeo anaopepelea makaa utaonekana kama wingu na uso utakaa sawa, jambo ambalo ni zuri, linaonyesha kazi inaendelea. Ukiwa na 35 unapata haya yote kwa mita moja na nusu, yaani upande wa pili wa jiko, pale anaposimama mteja. Ukiwa na 50 umesharudi nyuma hadi kwenye meza za wanaokula, na kati yako na mchomaji watu wanapita.

Kuna la fokasi pia. Kwa f/1.8, ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu, 35 inakupa kina kinachoonekana safi cha kama sentimita 13. Kwa 50 ni sentimita 6.5. Kutoka ncha ya pua hadi sikioni ni kama sentimita 12, kwa hiyo 35 inabeba kichwa kizima na 50 inabeba macho na kidogo. Mcheza drafti anayeyumba mbele na nyuma akiwaza kete anatoka na kuingia kwenye sentimita 6 hizo kila pumzi. Tahadhari moja: ukisogea na 35 mpaka uso ujae kama ungejaa kwenye 50, faida hiyo inaisha: kwa kichwa na mabega zote zinabaki na sentimita 5 hivi. Kina kinatoka kwenye kuacha nafasi ndani ya fremu.

Hukumu yetu: mwenye APS-C anayepiga mitaani, barazani na majumbani aanze na 35. Wengi wanaanza na 50 kwa sababu ni rahisi kuipata, halafu wanashangaa kwa nini kila picha ni kichwa kinachoelea gizani, haijulikani kama ni Kariakoo au ni studio. Mwenye Canon ya APS-C ana tatizo la pekee kwamba 35 za bei ya chini zenye f/1.8 hazikuwa desturi kwenye familia ya EF-S, yaani lenzi za Canon za APS-C. Kuna EF-S 24mm f/2.8 STM ya mwaka 2014, nyembamba kama biskuti, lakini hapo unatoa zaidi ya nusu ya mwanga. Huyo tungemwambia achukue 50 na ajifunze kurudi nyuma.

85 ni ya ukumbini

Kwa kichwa na mabega inataka mita 2.2, kwa kiuno mita 3.6. Barazani humalizi kuweka fokasi kabla mtu hajapita mbele. Ukumbini mambo ni tofauti. Kwenye send-off, ukikaa mwisho wa meza, unaipata sura ya mama mzazi anayefuta machozi bila kumkatiza na bila kamera kumning'inia usoni. Mandhari ya nyuma, viti vyenye vitambaa na riboni, yanayeyuka vizuri.

Gharama yake ni spidi. Kwa mkono usio na kizuia mtikisiko, kanuni ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi mara 1.5 inakupa 1/125 kama kiwango cha chini. Inagombana na 1/100 ya hezi 50, hivyo ukilazimika kushuka, egemeza viwiko mezani. Canon EF 85mm f/1.8 USM haishiki fokasi chini ya sentimita 85, usitegemee kuitumia kwa mtu aliyekaa jirani yako.

Taa za mapambo za bluu na zambarau ni adui wa lenzi zote, ila mwenye 85 anazikuta zaidi. Hakuna mpangilio wa rangi unaorudisha ngozi iliyomulikwa kwa bluu tupu. Subiri mtu ageukie taa nyeupe ya mpiga video, au kubali nyeusi na nyeupe.

Zumu ya f/2.8

Ni lenzi ya anayelipwa. Ukipewa kazi ya kitchen party na huwezi kurudi na udhuru, 17–50 au 17–55 yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho inakupa meza nzima, kisha uso, bila kubadili lenzi. Kwa potreti za mtaani ina mapungufu mawili. Inaingiza mwanga mara 2.4 pungufu ya f/1.8, na unalipa kwa ISO. Pili ni umbo: Canon EF-S 17-55mm f/2.8 IS USM ina gramu 645 na mdomo wa mbele wa milimita 77. Mtu aliyekuwa anacheka na wenzake akiliona jicho hilo anakaa wima, anarekebisha ushungi, anakuuliza unatoka televisheni gani.

Simu

Isidharauliwe. Hakuna anayekakamaa mbele ya simu, na huo ni mtaji ambao lenzi ya bei yoyote haikupi. Shida ni jinsi inavyoshinda giza: hali ya usiku inakusanya picha nyingi kwa sekunde moja, mbili au zaidi, kisha inaziunganisha. Kwa jengo ni sawa. Kwa mtu anayeongea matokeo ni uso wa nta, mdomo mmoja juu ya mwingine.

Kwa hiyo mtu akiwa anasogea, zima hali ya usiku na umsogeze kwenye taa. Tumia kamera kuu, 1x. Ukibonyeza 2x au 3x gizani, simu nyingi hazitumii lenzi ya mbali hata kidogo. Zinakata picha ya kamera kuu na kuikuza. Gusa uso, kisha shusha mwanga kwa kidole mpaka paji la uso lising'ae. Kaa mita moja au zaidi halafu ukate pembeni baadaye, kwa sababu kamera kuu ya simu ni pana kiasi kwamba kichwa na mabega vitajaa ukiwa sentimita 40 tu, na tumeshasema pua inafanya nini hapo. Zima kabisa kipengele cha urembo. Kinasugua ngozi na mara nyingi kinaipausha, mtu anatoka na rangi ambayo si yake. Hali ya potreti nayo inakosea kwenye hereni, nywele zilizotimka na ncha za ushungi, na gizani inakosea zaidi.

Mambo yanayozihusu zote

Jua Dar linazama kati ya kama saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi, na baada ya hapo una dakika 20 hivi za mwanga laini wa angani. Dakika hizo mtu aliyekaa mlangoni akitazama nje anapata mwanga bora kuliko taa yoyote ya ndani. Baada yake chagua taa kwanza, mtu baadaye.

Kamera hupima kila kitu kana kwamba kinatakiwa kuwa kijivu. Uso mweusi mbele ya giza unaifanya iongeze mwanga kupita kiasi: shata inakwenda polepole, ngozi inapauka. Punguza theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu). Mtu mwenye taa au duka linalowaka nyuma yake, ongeza stopu moja. Afadhali zaidi, weka kila kitu kwa mkono, maana taa ya genge haibadiliki usiku kucha. Usipige giza kwa makusudi ukitegemea kuja kuinua kwenye kompyuta. Kwenye JPEG hasa, chenga zinazofufuka kwa kuinua vivuli ni mbaya kuliko za ISO iliyopandishwa mapema.

Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Balbu ya njano iko karibu Kelvin 2700 hadi 3000, LED nyeupe karibu 6500, na mtu akikaa katikati yao shavu moja litakuwa la chungwa na jingine la buluu. Msogeze mtu au jisogeze wewe mpaka taa moja itawale.

Zima taa nyekundu au nyeupe ya kusaidia fokasi. Tumia nukta moja ya fokasi, ya katikati kwenye kamera za zamani, uiweke mahali penye utofauti wa mwanga na giza: ukingo wa jicho au kola ya shati. Kamera mpya zisizo na kioo ndani zinatambua jicho zenyewe na hapo zinashinda DSLR, zile zenye kioo, waziwazi.

Bila pozi haina maana ya bila ruhusa. Inayofanya kazi vizuri zaidi ni kuomba kwanza, kisha kungoja wakusahau. "Shikamoo mama. Naomba nikae hapa nipige picha wakati unaendelea na kazi zako, usinijali." Nunua muhogo, kaa, kula. Picha kumi za kwanza ni za kukuzoea, usizitegemee. Kwa kijana wa rika lako, "Kaka, poa nikipiga mkiendelea na drafti?" inatosha, halafu mwonyeshe picha moja nzuri. Ukikusudia kuirusha mtandaoni sema hivyo wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ridhaa si adabu peke yake tena. Na soko la samaki la Feri ni pua na mdomo na Ikulu: lenzi ielekee kwa wachuuzi na mezani, kamwe isielekee upande wa pili.

Kabla ya kulipa

Lenzi iliyotumika Dar ina maadui wawili, fangasi na chumvi ya bahari. Fungua tundu lote, pitisha tochi ya simu kutoka nyuma ya lenzi na uangalie kwa pembe: nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, iache. Chembe za vumbi mbili tatu hazina neno. Kisha laza gazeti mezani, piga kwa f/1.8 ukiwa nyuzi 45, fokasi kwenye mstari mmoja unaoujua. Kama mstari wa juu yake au chini yake ndio umetoka safi, kamera na lenzi hazielewani. Kwenye DSLR jaribu tena kwa kutumia skrini ya nyuma badala ya kitundu cha kuchungulia. Ikiwa sasa imekaa sawa, lenzi ni nzima na kosa liko kwenye mfumo wa fokasi wa kioo, unaweza kuishi nalo ukitumia skrini.

Ukishaipeleka nyumbani, adui mwingine ni kiyoyozi. Kamera ikitoka kwenye gari la baridi kuingia joto la Kariakoo, kioo kinaota ukungu papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 15 hadi 20.

Wenye Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000, kama D3100 na D5600, wasome herufi kwenye lenzi. Kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo AF 50mm f/1.8D, ambayo huwa rahisi kuliko zote mezani kwa muuzaji, itawalazimu kuzungusha kwa mkono, watafute AF-S. Mwenye D7000 au D7200 haimhusu. Kwa Canon, lenzi ya EF inakaa kwenye R50 au R10 kwa adapta na inafanya kazi zake zote, lakini RF 50mm f/1.8 haiwezi kukaa kwenye DSLR kwa namna yoyote ile, hata muuzaji akiapa.